Mjomba Wako Hakuanguka

Mwanangu Mwajabu,

Salamu siandiki. Mtu unayemsikia akikohoa chumba cha pili kila asubuhi, huna haja ya kumuuliza hali yake kwa karatasi. Wewe na mama yako mmetoka kwenda kumuaga shangazi yako kule ng'ambo ya reli, jua bado liko juu ya bati la jirani, nami nimejifungia chumbani kwako na daftari lako la darasa la saba. Kurasa ulizoandika nimeziacha. Nimechana za nyuma, zilizobaki nyeupe. Nikimaliza nitaikunja barua hii niiweke juu kabisa ya nguo zako, uikute kabla hujatoa hata kanga.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutopanda bodaboda ya mtu usiyemjua, mama yako ameyasema mpaka kuku wameyashika kwa moyo. Siongezi neno. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelikimbia miaka kumi na saba.

Jumapili, kwenye shughuli ya kukuaga, ulisimama mbele ya watu wa Manundu na wenzako wa kikundi cha mazingira ukaongea vizuri sana. Nilijivuna, sikufichi. Kisha ukasema: "Mjomba wangu Mhina mnamjua. Alikuwa mchoma mkaa. Tanuri lilimmeza mikono yote miwili. Nikifika Kwaluguru nitaanza na habari zake, watu wajue kwamba msitu ukikatwa unalipiza." Watu wakapiga makofi. Mama yako akainuka, akaenda uani, na wewe ukadhani amezidiwa na furaha. Nilimfuata. Nilimkuta amesimama karibu na kinu, macho makavu kabisa.

"Baba Mwajabu," aliniambia, "mtoto anakwenda kusema uongo wako mbele ya watu walioyaona kwa macho yao. Mwambie kabla hajapanda basi. Usipomwambia, nitamwambia mimi, palepale stendi, na sitasema kwa kunong'ona."

Mama yako hajawahi kunitisha kwa jambo ambalo hakulifanya. Kwa hiyo soma.

Mjomba wako hakuanguka kwenye tanuri. Alipigwa, akaburutwa, akasukumwa. Waliomsukuma walikuwa wengi, na kwa miaka nimejificha nyuma ya wingi huo kama mwizi nyuma ya umati wa gulio. Sasa natoka. Mkono mmoja kati ya ile iliyomsukuma ni huu ulioshika kalamu.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunakaa Kwaluguru, nyumba ile ya udongo unayoikumbuka kwa sababu ya nyuki waliokaa ukutani. Mwaka ule vuli haikuja kabisa. Masika ikaja siku nne, ikatuoteshea mahindi kwa dhihaka, kisha ikaondoka. Mahindi yalifika magotini yakakauka yamesimama. Njaa ile ilibadilisha watu. Siku moja kule lambo la maji nilimwona kijana wa kwetu akimpasua mfugaji kichwa kwa jembe kwa ajili ya ndoo mbili za tope, na wenzake yule mfugaji wakarudi na fimbo, wakamvunja yule kijana taya na mkono. Ng'ombe waliwakanyaga wote wawili pale chini. Damu iliingia kwenye maji. Watu walisubiri itulie, kisha wakachota.

Wakati huohuo ndipo kilipokuja kikundi cha mazingira. Si hiki chako, kingine, na walikuwa watu wa kweli. Walitufundisha kwamba moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali umeichafua hewa ya dunia nzima mpaka misimu imepoteza njia, na kwamba sisi tusio na kiwanda hata kimoja ndio tunaolipia. Walisema msitu wetu hautaizuia dunia kuchemka, lakini unatushikia chemchemi na kutukinga upepo, tukiumaliza tutakuwa tumejivua nguo wakati wa baridi. Walitaka kijiji kiulinde msitu, na papo hapo kijiji kiiandikie serikali, kidai visima na nishati nyingine ya kupikia, maana huwezi kumkataza mtu mkaa halafu ukamwachia mafiga matupu. Yote hayo niliyaamini. Nayaamini mpaka leo, na majiko banifu ninayofinyanga hapa Manundu ni kwa sababu hiyo.

Wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya mazingira kwa sababu nilikuwa na mdomo. Hawakuniuliza kazi yangu ya zamani. Nilichoma mkaa miaka minane, Mwajabu. Kila mtu kijijini alijua. Na Mhina, kaka wa mama yako, mrina asali ambaye hakuwahi kuangusha hata mti mmoja mbichi, alipoona mizinga yake imekuwa mitupu kwa ukame na wanawe wanalala na uji wa pumba, alikuja kwangu mimi kuniuliza tanuri linajengwaje. Nilimfundisha. Nilimwonyesha namna ya kupanga magogo, kufunika kwa majani na udongo, kuacha matundu ya kupumulia. Miezi mitatu baadaye nikawa mwenyekiti.

Sasa nikueleze pembe. Ile pembe ya tandala ilikuwa ya babu yako, ndiye aliyekuwa mpigaji wa kijiji, na alipofariki nikairithi. Kwetu mlio mmoja mrefu ulikuwa wa msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, kuna barabara ya kufyeka au shule ya kujenga. Milio mitatu mifupi ilikuwa ya hatari. Simba, moto, wezi wa mifugo. Ukisikia mitatu huulizi, unashika kilicho karibu na mkono wako unakimbia, utauliza ukishafika. Asiyekwenda alitozwa mbuzi, na mbaya zaidi, siku yake ikifika naye hakuendewa. Babu yako katika maisha yake yote alipiga mitatu mara mbili tu. Aliniambia, "Athumani, pembe hii ikidanganya mara moja itakuwa pembe ya ng'ombe tu."

Siku ile walikuja wageni. Gari kubwa, viongozi wa kikundi, mama mmoja na kamera yake, na bwana mmoja wa ofisini aliyekuja kuangalia kama kweli wananchi wameitikia. Nami nilikuwa nimewaahidi umati. Niliandaa mkutano kwenye uwanja wa shule, nikapanga viti. Walikuja watu saba. Wawili walisinzia. Nikapiga ule mlio mrefu wa msaragambo, hakuna aliyekuja, nani ana nguvu ya kushika jembe na njaa ile? Yule bwana akatazama saa, akaniuliza mbele ya wageni, "Mwenyekiti, hawa ndio wananchi wako?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nimezaliwa na kichwa cha moto, unajua, na aibu kwangu hugeuka hasira kabla sijameza mate.

Nikaiweka pembe mdomoni nikapiga mitatu mifupi.

Walikuja, mwanangu. Niliona vumbi kabla sijaona watu. Walitoka mashambani, majumbani, mmoja alitoka kuoga na sabuni ingali masikioni. Mapanga, mashoka, marungu, mwingine alikuja na mchi wa mkewe. Wanaume sitini au zaidi, wanahema, macho mekundu, njaa ya miezi sita usoni, na mwishowe wamepewa kitu cha kupiga. Wakanizunguka. "Yuko wapi?" wakauliza. "Athumani, yuko wapi?"

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. "Ndugu zangu, nimekosea, huu ni mkutano." Wangenitukana. Wangenitoza mbuzi, labda wangenizaba makofi mawili matatu, na wangekuwa na haki. Nilimwona yule mama ameinua kamera. Nilimwona yule bwana amesimama sasa, ameshangaa, kama mtu aliyeanza kuniheshimu.

Nikasema, "Anayeikausha mvua yenu yuko kule," nikanyoosha mkono kwenye mgongo wa kilima, palipokuwa na moshi mwembamba. Nilijua tanuri la nani. Mimi ndiye niliyemchagulia mahali.

Hawakusubiri neno la pili. Nikakimbia nao. Ningeweza kusema nilikimbia ili niwazuie, na miaka ya mwanzo nilijidanganya hivyo, lakini mtu anayezuia hatangulii mbele huku amepandisha pembe kama bendera. Nilikuwa napiga mayowe. Kuna utamu katika kukimbia na watu sitini, Mwajabu, na nakuambia kwa sababu na wewe una mdomo kama wangu na ipo siku utauonja. Unajisikia mkubwa kama kilima chenyewe.

Tukakutana na Mhina njiani. Alikuwa anashuka mbio, rungu mkononi. Alikuwa amesikia milio mitatu, akaacha tanuri lake linafuka, akaja kutusaidia. Aliponiona alifurahi. Akasema, huku anahema, "Shemeji, kuna nini? Nani kavamiwa?"

Nilimpiga na pembe mdomoni.

Lile pengo la meno ya mbele ulilokuwa ukilichekea, ukimwambia mjomba anapiga mluzi bila kutaka, nililitengeneza mimi. Alianguka kwa magoti. Hakuinua rungu lake. Alinitazama tu, damu inamtoka, kama anangoja nimweleze. Nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Ana silaha!" Wakamwangukia. Nilisikia mbavu zikivunjika, zinalia kama kuni kavu. Walimpiga kwa ubapa wa mapanga, walimpiga mateke, mmoja alimkanyaga shingo. Kisha sauti moja ikasema, "Apikwe na mkaa wake!" na ikawa wimbo. Wakamburuta kwa miguu kupanda kilima, kichwa kinagonga mawe, na mimi nilishika mguu mmoja.

Tanuri lilikuwa limeiva. Mtu wa shoka akapasua udongo wa juu, ndimi za moto zikatoka. Tulimwinua tukamsukuma. Alitanguliza mikono, kama mtu yeyote anayeanguka, ikazama kwenye makaa mpaka kwenye viwiko. Ukelele alioutoa sitauandika. Ulituamsha wote kwa pamoja. Watu sitini wakaanza kurudi nyuma mmojammoja, wanayatazama mapanga yao kama wamepewa na mtu mwingine. Niliyemvuta nje ni mimi, sidai shukrani kwa hilo. Ngozi ilibaki kwenye makaa kama soksi.

Tuliporudi uwanjani gari lilikuwa limeondoka. Waliogopa, na wangefanya nini? Baadaye nilisikia kwamba kwenye taarifa ya safari ile iliandikwa kuwa wananchi wa Kwaluguru wamehamasika sana. Na mtu aliyeliona gari lile barabarani aliniambia juu yake palikuwa na magunia mawili ya mkaa, yule bwana alikuwa amenunua njiani kwa ajili ya nyumbani kwake. Nilicheka nilipoambiwa. Nilicheka mpaka nikatapika.

Tulimchoma Mhina, na mvua haikunyesha. Tulingoja kama wajinga. Ilikuja mwaka uliofuata, yote kwa wiki moja, ikabeba daraja, mbuzi na mtoto mchanga wa jirani yetu.

Hospitalini polisi walikuja kumuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mama yako amekaa kitandani kwa kaka yake na tumbo la miezi sita la Shabani. Mhina alimtazama mama yako tumboni, akanitazama mimi, akawaambia polisi, "Nilikuwa natembea juu ya tanuri, udongo ukatitia. Nilianguka." Wakaandika. Kijiji kizima kikashika neno hilohilo, kila mtu alikuwa na sababu yake ya kulishika. Wewe ulipoletwa ukaona mikono imefungwa kama watoto wawili wa bandia, ukauliza, "Mjomba, nani kakufanyia hivi?" Akakuambia, "Nilianguka, mama." Kisha akaomba umkune pua.

Ile baiskeli ya mabua iliyokaa juu ya kabati mpaka mchwa walipoila, ndiyo kitu cha mwisho alichotengeneza kwa vidole vyake. Alikuletea siku mbili kabla.

Mama yako nilimwambia mwenyewe usiku uleule wa hospitali, hilo tu nilifanya sawa. Hakupiga kelele. Alisema, "Sitamwachia mtoto tumboni baba wa jela. Lakini usinishike." Alikaa hivyo miezi. Kisha akarudi kuwa mke wangu taratibu, kwa namna ambayo sikuistahili na sijaielewa, ila kwa jambo moja. Umekua unaona kwamba kuku wa nyumba hii wanachinjwa na jirani, na mmenitania wewe na Shabani kwamba baba anaogopa damu. Siogopi damu. Mama yako amekataa kula kitu kilichochinjwa na mkono huu. Leo asubuhi alimkamata yule jogoo wa kukuagia, akanipita nimekaa pale mlangoni na kisu kiko karibu yangu, akamwita jirani.

Na kuna siku nyingine unayoikumbuka bila kujua maana yake. Ulikuwa na miaka tisa, tumeshahamia hapa Manundu. Ulipanda darini ukaikuta pembe imeviringishwa kwenye gunia, ukatoka nayo uani, ukapiga. Mara tatu. Nilikupiga na kandambili mpaka mkanda ukakatika, kisha nikaendelea kwa kiganja, mpaka mama yako aliponing'ata bega nikuachie. Ulikuwa na alama mgongoni wiki nzima na hukuniuliza kosa lako lilikuwa nini. Kosa lako lilikuwa kupuliza pembe ya baba yako. Nilikupiga wewe kwa sababu sikuwa na namna ya kujipiga mwenyewe. Naomba unisamehe, mwanangu. Pembe niliipasua kwa shoka siku ileile, lakini mgongo wako haukuwa na habari hiyo.

Haya, sasa unakwenda. Mama yako alidhani labda ukijua utaacha. Mimi sitaki uache. Nilikuona mwaka jana umebeba boksi kichwani, sahihi za watu mlizozikusanya kutoka Lutindi mpaka huku bondeni, mnazipeleka serikalini kudai vyanzo vya maji vilindwe na watu wapewe njia nyingine ya kuishi. Mlirudishwa mara tatu, na mara ya nne mkapokelewa. Nilijiambia, huyu ameweza kufanya lile nililoshindwa. Hasira yake ameipandisha ngazi, kwa walio juu. Mimi ya kwangu niliiteremsha kilimani.

Maana hivi ndivyo nilivyojifunza, na nimejifunza kwa mikono ya mtu mwingine. Mabadiliko ya tabianchi hayana shingo. Huwezi kuyakamata, huwezi kuyatemea mate. Waliochafua anga wako mbali, hawajui kama Handeni, wilaya ya mjomba wako, ipo. Na mtu mwenye njaa anataka shingo, atakuomba umpe, atakupigia makofi ukimpa. Siku utakapowaambia ukweli, kwamba adui ni mkubwa na wa mbali na kazi yake ni ya barua, vikao, miche na miaka, wataondoka wakisinzia. Watabaki saba. Kaa na hao saba, Mwajabu. Ningekaa na wale saba wangu, wawili wakikoroma, leo Mhina angekuwa anajifunga msuli mwenyewe.

Na ukikosea, sema palepale, kabla kamera haijashushwa. Hasira hasara, msemo huo tuliimbishwa wote shuleni, lakini hakuna aliyetufundisha kwamba aibu ni mbaya kuliko hasira. Hasira yangu ingepoa kabla ya kilima. Aibu ndiyo iliyonifikisha juu.

Ukikuta moshi, panda peke yako, umuulize mwenye tanuri watoto wake wamekula nini. Halafu ndipo uzungumze habari za miti.

Wiki iliyopita nilikuaga nakwenda kununua udongo wa majiko. Nilikwenda Kwaluguru. Mjomba wako nilimkuta amekaa kizingitini anakula ugali kwa kijiko anachofungiwa kwenye mkono usio na vidole kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mkewe alimvumilia miaka mitatu akarudi kwao na watoto, hilo nalo liweke kwangu. Binti wa jirani humfungia kijiko asubuhi na kumfungua jioni. Nikamwambia unakuja, kikundi chako kimekupangia kijiji hicho miaka miwili.

"Atafikia kwangu," akasema. "Atalala kwa nani mwingine?"

"Shemeji, hajui."

Akatafuna kwanza. Siku zote amekuwa mtu wa kumaliza tonge lake. "Anadhani nilianguka?"

"Ndiyo. Anataka kuwaambia watu mkutanoni."

Akachota tonge jingine kwa kijiko, akalimaliza. Kisha akasema, "Hapa kijijini kila mwenye miaka arobaini ananiamkia huku anatazama chini. Wewe ulihama. Mimi nimekaa nao. Watoto wao wananiuliza, mgeni akija ananiuliza, daktari ananiuliza. Nimechoka kuanguka, shemeji. Miaka yote hii naanguka kila siku. Mwambie mtoto, na mimi nipate kusimama."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye basi. Nilipofungua mdomo nikalia kama mtoto wa shule, na yeye akanisogezea sahani ya mboga kwa kiwiko. Hakusema amenisamehe. Usije ukamsemea.

Kuna watakaochukia ukweli huu ukitoka. Wengine wa wale sitini wana wajukuu sasa, wana heshima zao msikitini. Wakija kwako, waambie Athumani amejitaja yeye tu na hajamtaja mtu mwingine, na yuko tayari kuitwa, na kijiji, au na polisi, hata kesho. Nimekwisha mwambia mama yako. Amenijibu, "Vizuri," kisha akaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mjomba wako hajui kusoma, na hata angejua, barua hii asingeweza kuishika. Ukifika, kabla hujafungua begi lote, kaa naye pale kizingitini umsomee, kwa sauti, wapitao wasimame wakitaka. Jina langu usiliruke. Pale nilipompiga na pembe utataka kunyamaza. Usinyamaze, yeye alikuwepo, hutamwambia jipya. Ukichoka pumzika, kisha endelea mpaka hapa chini nilipotia sahihi, na umsogezee karatasi aione kwa macho yake, kwamba safari hii ukweli nimeuandika.

Nawasikia mnafungua lango.

Baba yako,
Athumani